Oda ya muda ndiyo kesi yenyewe

Kukitokea kesi kubwa ya katiba watu mtandaoni huanza kuulizana hukumu ni lini, hukumu ni lini, na mimi huwa nacheka kidogo. Mimi si wakili, wacha niseme mapema nisije nikaulizwa vyeti, ni karani tu kwenye ofisi ndogo ya mawakili hapa Nairobi, kazi yangu ni kufaili makaratasi, kufuatilia faili, kuchukua oda ikishatoka na kuipeleka kwa yule anayetakiwa kuitii. Lakini ukikaa huku chini muda mrefu unaona kitu ambacho mawakili wenyewe wanakijua ila hawakisemi sana mbele ya kamera: kesi ya mwananchi dhidi ya serikali mara nyingi inaamuliwa wiki ya kwanza. Saa zingine ni siku ileile ya kwanza, jaji akiwa peke yake chemba, yaani ofisini kwake, na karatasi za upande mmoja tu mbele yake, anapoamua kama serikali isimame kwanza au iendelee. Uamuzi huo ndio oda ya muda. Ile hukumu ya kurasa mia inayokuja miaka miwili baadaye ni nzuri, inasomwa, wanafunzi wa sheria wanaikariri, lakini jambo lenyewe lilishaisha zamani.

Chukua Mitumba. Siongelei nguo za Gikomba, naongelea kile kijiji cha mabanda kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Septemba 2011 wakazi wakaona tangazo kwenye gazeti kwamba wana siku saba wawe wamehama. Wakakimbia kortini, wakapata amri ya muda kwamba wasibomolewe mpaka kesi isikizwe. Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo tingatinga zikaja zikabomoa, amri ikiwa bado hai. Wakashinda Mahakama Kuu 2013 mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, wakapoteza Mahakama ya Rufaa 2016, wakashinda tena Mahakama ya Juu Januari 2021, na hiyo hukumu ya 2021 mawakili wanaipenda kweli, mpaka leo inatajwa kila kesi ya watu kufurushwa. Sasa hesabu. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku tingatinga zilipokuja, siku familia yake inaambiwa imeshinda yeye ashaingia sekondari, na amelelewa kwingine. Kijiji hakikurudi.

Ndiyo maana nasema oda ya muda ndiyo kesi yenyewe. Serikali haina haja ya kushinda kesi, inataka tu iwe imemaliza kufanya kabla kesi haijaisha. Nyumba ikishabomoka, mtu akishapandishwa ndege, data yako ikishachukuliwa, mkopo ukishatiwa saini, jaji atasema nini? Atasema haki zako zilivunjwa, pole.

Zamani kabla ya 2010 hata hiyo nafasi ya kuomba serikali isimame ilikuwa finyu. Kuna sheria inaitwa Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, kifungu cha 16 kinasema korti haiwezi kutoa zuio dhidi ya serikali, inaweza tu kutangaza haki za mtu ni zipi. Yaani jaji anatangaza, serikali inasikia, ikipenda. Hii ilikuwa ya mkoloni, huko Uingereza mfalme hashtakiwi kwa korti zake mwenyewe, ikabaki kwa vitabu vyetu, na cha ajabu ni kwamba mpaka leo bado kuna wakili wa serikali anayesimama na kuitaja, utaona jaji anamwangalia tu. Kwa sababu katiba ya 2010 ilikata huo mjadala. Kifungu cha 22 kinasema mtu anaweza kwenda kortini haki yake ikiwa imenyimwa, imevunjwa au *inatishiwa*, kwa hivyo si lazima ungoje uumizwe kwanza. Halafu 23(3) inataja kwa majina vitu ambavyo korti inaweza kutoa, na ndani yake kuna zuio na kuna ile tunayoiita konsavatori oda, amri ya kuhifadhi mambo yalivyo. Mwaka 2013 Jaji Mkuu Willy Mutunga akatoa kanuni za kuendesha hizi kesi, zikaanza kuitwa Kanuni za Mutunga mpaka sasa, na kanuni ya 23 inamwambia jaji aliyepelekewa petisheni, yaani kesi ya katiba, asikize na kuamua ombi la amri ya muda, hata kama kuna sheria nyingine inayosema vingine.

Sasa swali likabaki, jaji atumie kipimo gani? Mawakili walikuwa wamezoea kile cha kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973: uonyeshe kesi yako ina nafasi ya kushinda, uonyeshe utaumia vibaya kiasi kwamba fidia ya pesa haitatosha, na jaji akiwa bado na shaka aangalie mizani ya nani atasumbuka zaidi. Hiyo ilikuwa kesi ya watu binafsi na biashara yao, na kwa mambo hayo iko sawa kabisa, kama tunagombania duka au shamba. Lakini chukua mtu anayesema polisi wamekataza maandamano ya kesho. Fidia ya pesa ya nini? Maandamano ya kesho hayafanyiki mwaka ujao. Au chukua petisheni iliyoletwa na mtu kwa niaba ya watu wote, katiba inaruhusu hiyo, huyo mtu mwenyewe hana hasara ya kuonyesha, hasara ni ya umma mzima. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu kwenye ombi la Gatirau Munya, lile la kesi ya ugavana wa Meru, ikasema wazi kwamba konsavatori oda ni kitu cha sheria ya umma, hazifungwi na yale masharti ya watu binafsi, zitolewe kwa kuangalia uzito wa kesi yenyewe, maslahi ya umma, maadili ya katiba na ukubwa wa mambo yanayoshindana. Hiyo aya inanukuliwa kwenye karibu kila ombi tunalofaili, nadhani ningeamshwa usiku ningeisema bila kuangalia.

Upande wa serikali nao wana wimbo wao. Wanasema sheria iliyopitishwa na bunge huchukuliwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vingine, na wanataja kesi ya Ndyanabo, ambayo wala si ya Kenya, ni ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ya 2001. Nachekeshwa na hiyo, kwa sababu Ndyanabo mwenyewe alishinda ile kesi, alikuwa anapinga sheria ya kudai dhamana kubwa ya pesa kutoka kwa anayepinga matokeo ya uchaguzi, lakini huku kwetu jina lake limekuwa silaha ya serikali.

Wacha niwaambie inavyokuwa siku yenyewe. Asubuhi wakili anapiga simu, kuna kitu, anza kuandaa. Unahitaji petisheni, ombi, hati ya kiapo ya mlalamishi, na cheti cha dharura ambapo wakili anaapa kwamba jambo haliwezi kungoja. Tangu 2020 Nairobi tunafaili mtandaoni, kwa hivyo hakuna tena kukimbia na mafaili mkononi kwenye korti za Milimani, sasa unakimbizana na sistimu, na sistimu ikilala mteja hataki kusikia habari hizo. Ukishafaili unangoja. Jaji wa zamu wa kitengo cha katiba anasoma chemba na anaweza kufanya mambo matatu. Anaweza kuandika hakuna dharura hapa, wapelekeeni wenzenu karatasi mje mwezi ujao, hiyo kwa kweli ni kama umeshindwa. Anaweza kusema wapelekeeni leo, mje wote baada ya siku tatu nne nisikize pande zote, hiyo ni ya katikati. Au anatoa amri hapohapo mpaka tarehe fulani. Hapo ndipo kesi inapoamuliwa, na hakuna mwandishi wa habari aliyekaa hapo, hakuna hata wakili, ni jaji na skrini.

Oda ikitoka kazi yangu ndiyo inaanza, na watu wengi hawaijui hii sehemu. Oda lazima ichapwe rasmi, naibu msajili aitie saini na muhuri, iwekwe onyo kwamba ukikaidi unaweza kufungwa, halafu ipelekwe. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kukaidi kitu ambacho hakujua, kwa hivyo serikali imejifunza sanaa ya kutojua. Kuna ofisi moja, sitaitaja, nilifika saa tatu asubuhi nikaambiwa karani wa kupokea barua ametoka lanchi. Saa tatu! Kwingine askari wa geti anakwambia acha hapa, lakini hagongi muhuri na hasemi jina lake. Unapiga picha, unaandika saa, unatuma imeili na WhatsApp pia, halafu unaapa hati ya kiapo kwamba ulipeleka, na hiyo hati yangu siku ya kesi ya kudharau mahakama ndiyo wakili wa serikali atakayoishambulia kabla ya kitu kingine chochote.

Haya, tuje kwa oda zenyewe, manake si zote ni nzuri. Mimi nina yangu ninayoipenda, ni ile ya Huduma Namba, ule usajili wa kidijitali wa watu wote, ya tarehe 1 Aprili 2019. Shirika la haki la Nubian Rights Forum na wenzao walitaka usajili wote usimamishwe. Majaji watatu, Korir, Ngugi na Nyamweya, hawakusimamisha. Wakasema endeleeni kusajili, lakini msilazimishe mtu, msiweke tarehe ya mwisho, msimnyime mtu huduma kwa sababu hajasajiliwa, msichukue DNA wala kuandika kwa GPS mtu anakaa wapi, na data mliyochukua msimpe mtu mwingine. Ona ustadi wake. Kinachoweza kurudishwa kikaachwa kiendelee, kisichoweza kurudishwa kikazuiwa. Serikali haikuweza kulia kwamba imefungwa mikono, na yule mama wa Kibera ambaye hajawahi kupewa kitambulisho hakufungiwa mlango wa hospitali kesi ikiendelea. Januari 2020 hukumu ilipokuja ikakataa kabisa hiyo ya DNA na GPS, kwa hivyo hakukuwa na DNA ya mamilioni ya watu ya kuanza kufuta.

Jaji Odunga naye Januari 2015 alifanya kitu karibu na hicho na Sheria ya Usalama, ile iliyopitishwa bungeni Desemba 2014 wabunge wakipigana na kumwagiana maji. Hakuizima yote, alichagua vifungu vinane tu akavisimamisha, kimoja kikiwa kile cha kusema wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati tayari walikuwa wengi kuliko hiyo mara kadhaa. Kama kingeachwa wiki chache tu kuna watu wangekuwa wamerudishwa Somalia. Februari majaji watano wakakiharamisha kabisa.

Linganisha na Sheria ya Fedha 2023, ile ya kodi. Jaji Mugure Thande alisimamisha sheria nzima tarehe 30 Juni, siku moja kabla ianze, kwa petisheni ya mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake. Nchi ikashangilia, na bei mpya ya mafuta yenye ushuru wa asilimia 16 ikatangazwa palepale kana kwamba hakuna korti Kenya. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hiyo amri. Mimi maoni yangu, na najua wengine mtanirukia, ile amri ilikuwa pana mno. Bajeti ya nchi ukiizima yote kwa mkupuo, korti ya juu itatafuta sababu ya kuiwasha. Angechagua ile tozo ya nyumba peke yake, yale makato ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu, ambayo ndiyo iliyokuwa na shida kubwa ya kisheria na ambayo mwishowe Mahakama Kuu iliikataa Novemba, pengine ingesimama. Sijui wenzangu mnaonaje, wakili wangu haungi mkono hata kidogo.

Lakini kuna kitu hapo kwa hiyo tozo ya nyumba kinachonikera zaidi ya hayo yote, na ndicho nilichotaka kuandika tangu mwanzo. Tunaongea juu ya amri za muda kana kwamba ni za mwananchi. Zinazodumu ni za serikali. Fuata nyuzi: tarehe 28 Novemba 2023 tozo inatangazwa kinyume cha katiba, na papo hapo majaji wanaipa serikali muda mpaka Januari 10 iendelee kukata. Unaelewa hiyo? Kitu ni haramu na kinaendelea kukatwa kwa payslipu yako. Januari 26 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda, ikasema mambo yatakayofanywa kwa sheria hiyo huenda yasirudishike na maslahi ya umma yako upande wa kutoirefusha, na kwa mara moja nikaona korti ya juu ikiongea lugha ya Mitumba. Bunge likatunga tozo mpya, ikawa sheria Machi, tukaendelea kukatwa.

Bima ya afya ni mbaya zaidi. Novemba 2023 Jaji Chacha Mwita anasimamisha sheria mpya. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa inaondoa sehemu kubwa ya hiyo amri. Julai 2024 majaji watatu wanasema sheria haikufuata katiba. Septemba Mahakama ya Rufaa inasimamisha hukumu hiyo mpaka rufaa isikizwe, na Oktoba 1 NHIF, ile bima ya zamani, inazimwa, na SHA, ile mpya, inawashwa. Kwa hivyo taasisi iliyokuwepo tangu 1966 ilikufa, na iliyochukua nafasi yake ilizaliwa juu ya sheria ambayo hukumu pekee iliyokuwepo siku hiyo ilikuwa inasema ni batili. Hata rufaa ikiisha vipi, nani atarudisha NHIF? Kile kipimo cha kwamba kinachorudishika kiendelee na kisichorudishika kingoje, kikatumika kinyume. Na mwanzoni mwa Januari 2024, katikati ya hizi kesi mbili, Rais Ruto akasimama Nyandarua akasema kuna majaji mafisadi wanaoshirikiana na watu kuhujumu miradi na kwamba hatakubali, mawakili wakaandamana, baadaye Jaji Mkuu Koome akaenda kukutana naye Ikulu. Mimi niliona ajabu kidogo, kwa sababu ukihesabu hizo amri zilizodumu, serikali ndiyo ingekuwa ya kwanza kusema asante.

Halafu kuna kutotii. Januari 30, 2018 kiongozi wa upinzani Raila alipojiapisha Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, serikali ilizima runinga za Citizen, NTV na KTN. Omtatah akapata amri kwa Jaji Mwita tarehe 1 Februari kwamba ziwashwe mara moja. Zikabaki giza, NTV na KTN zilirudi Februari 5, Citizen tarehe 8. Omtatah alikwenda mwenyewe kupeleka ile oda, akafungiwa mlango, akaibandika hapo nje, na kwa sisi makarani hiyo picha ni kama ya mtakatifu wetu. Wiki hiyohiyo Miguna Miguna, wakili aliyekuwa na Raila kwenye kile kiapo, akakamatwa, korti ikaamuru aachiliwe kwa dhamana, Jaji Kimaru akaamuru aletwe kortini, serikali ikampeleka kwingine na tarehe 6 ikamtia kwenye ndege kwenda Canada. Akarudi Machi, akazuiliwa uwanja wa ndege, amri zingine zikatolewa, akapelekwa Dubai. Jaji Odunga akawapata na hatia Waziri wa Usalama wa Ndani Matiang'i, Inspekta Jenerali wa polisi Boinnet na Katibu wa Uhamiaji Kihalangwa, akawatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Miguna alikanyaga Kenya tena Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Siyo korti iliyomrudisha.

Watu husema hii ni Afrika. Si kweli, hata London iliwahi kutokea. Mwaka 1991 mwalimu mmoja kutoka Zaire, kwenye kesi anaitwa M tu, aliomba hifadhi Uingereza akanyimwa, jioni anapandishwa ndege kupitia Paris kwenda Kinshasa mawakili wake bado wanahangaika. Jaji Garland usiku huo akiwa nyumbani akatoa amri kwa simu kwamba huyo mtu arudishwe. Maafisa wakaanza kupanga arudishwe, kesho yake Waziri wa Mambo ya Ndani Kenneth Baker, baada ya kushauriwa kwamba jaji hana uwezo wa kumwamuru waziri, akafuta mpango. Hiyo ni ileile hoja ya Sura ya 40. Mwaka 1993 korti yao ya juu kabisa ikasema waziri alidharau mahakama na kwamba mawaziri wanaweza kuzuiliwa kama mtu mwingine yeyote, jaji mmoja akaandika kwamba kusema serikali inatii sheria kwa hisani na si kwa lazima ni kugeuza matokeo ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Maneno mazito, M alikuwa ashapelekwa Kinshasa.

Majirani zetu Tanzania wana hali ngumu zaidi na nadhani wasomaji wangu wa huko wataniunga mkono. Kesi za kawaida dhidi ya serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90, ndiyo maana mawakili wa huko hukimbilia kuomba zuio la Mareva, amri ya kuzuia jambo kabla kesi yenyewe haijafunguliwa, kungoja notisi iishe, na mwaka 2020 ikaletwa sheria kwamba anayefungua kesi ya haki za msingi aape vile yeye binafsi ameathirika, Omtatah wa huko angefungiwa nje. Mei 2018 ilikuwa mwezi wa ajabu kwa sisi tunaoblogu. Tarehe 4 Mahakama Kuu ya Mtwara ilizuia kwa muda kanuni za maudhui mtandaoni, zile za kulipa zaidi ya shilingi milioni mbili ndio uandike blogu, siku moja tu kabla ya mwisho wa kujisajili. Kabla mwezi haujaisha zuio likaondoka, na Juni JamiiForums, lile jukwaa lao la mijadala mtandaoni, ikazimika. Nairobi nako tarehe 29 Mei, siku moja kabla Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ianze, Jaji Mwita akasimamisha vifungu 26 kwa petisheni ya chama cha wanablogu, BAKE. Februari 2020 BAKE ikashindwa kesi. Kwa hivyo kwa vitabu tulishindwa wote, ila sisi tuliandika karibu miaka miwili bila hivyo vifungu juu ya vichwa vyetu, na wenzetu hawakupata hata mwezi.

Loliondo pia, kaskazini mwa Tanzania. Korti ya Afrika Mashariki pale Arusha ilitoa amri ya muda Septemba 2018 kwamba Wamaasai wa vile vijiji wasifurushwe kesi ikiendelea. Juni 2022 vyombo vya usalama vikaenda kuweka vigingi vya mipaka ya hifadhi ya wanyama kwenye kilomita za mraba 1,500, watu wakaumia, wengi wakavuka kuja Narok. Septemba kesi ikatupwa, Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikasema isikizwe upya. Vigingi vilikuwa vishasimama.

Na kwa wale ambao bado mnadhani nazidisha, kumbukeni Gachagua. Seneti ilimwondoa kwenye kiti cha Naibu Rais Oktoba 17, 2024. Kesho yake asubuhi bunge linapitisha jina la Kindiki achukue nafasi yake, na siku hiyohiyo amri mbili, Jaji Mwita Nairobi na Jaji Mwongo Kerugoya, asiapishwe kwanza. (Hii ya kuchagua kituo cha korti kilicho karibu na nyumbani ni tabia mbaya na pande zote wanaifanya, lakini wacha hiyo ni siku nyingine.) Naibu Jaji Mkuu Mwilu akaunda jopo la majaji watatu, jopo likaketi, Oktoba 31 likaondoa zile amri. Novemba 1 asubuhi Kindiki akaapishwa. Mei 2025 Mahakama ya Rufaa ikasema Naibu Jaji Mkuu hakuwa na mamlaka ya kuunda lile jopo. Ile ya kumuapisha ilichukua saa chache, hii ya kusema waliofungua mlango hawakuwa na ufunguo ilichukua miezi sita.

Wengi mnaniandikia kuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuomba hii kitu. Anaweza. Katiba inasema kufungua kesi ya haki kusilipishwe, na kanuni ya 10 ya Mutunga inaruhusu hata barua au mtu kujieleza kwa mdomo kama hali ni hiyo. Ila ukija ofisini kwetu, au kwa wakili yeyote, njoo na kile kitakachomfanya jaji aandike amri leo na si mwezi ujao: ile notisi yenyewe au picha yake, tarehe uliyoipata, tarehe wanayosema watafanya hilo jambo, na jina au cheo cha afisa aliyetia saini. Na uniambie ofisi yake iko orofa ya ngapi, manake mimi ndiye nitakayetumwa kuipeleka.